Daktari wa Picha Anajibu: Tarehe ya siku zako ni sehemu ya picha

Barua za mwezi huu nimechagua nne, na zote zinazunguka jambo moja: mwanamke anayepigwa picha za kutafuta saratani, na huenda ana mimba au ananyonyesha. Kazi yangu ni kusoma picha, hapa Mtwara. Wengi ninaowasomea sijapata kuwaona uso. Naona vivuli vya ndani ya miili yao, umri, na mistari miwili mitatu iliyoandikwa kwenye fomu. Mistari hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Majina ya waliotuandikia tumeyaacha.

*

Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tandahimba, nina watoto wawili. Niligundulika na limfoma, saratani ya matezi, nikapewa kemo Dar es Salaam nikamaliza. Juzi kati nimefanyiwa kipimo cha PET kuona kama imekwisha. Kabla ya sindano yule kijana aliniuliza siku zangu niliziona lini mara ya mwisho. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, ndiye aliyenisindikiza. Nikasema nimemaliza juzi. Ukweli, daktari, tangu kemo iishe sijaona siku za kueleweka, ni matone tu, tena mara chache, na mume wangu yupo nyumbani. Ripoti imekuja: matezi ya shingoni na kifuani yamepoa, lakini kuna mng'ao kwenye kifuko cha mayai cha kushoto na mwingine katikati ya kizazi. Wameandika kwamba kurudi kwa saratani hakuwezi kukataliwa. Daktari wangu anataka nipigwe CT ya tumbo, na ametaja upasuaji. Nyumbani wameshaanza kuulizana mnada wa korosho ni lini ili wapate nauli na gharama. Shangazi yangu nimemweleza ukweli, akasema kama ni mimba basi mtoto ameshaungua na mionzi, itolewe mapema. Nifanye nini? Na nikisema nilidanganya, wataninyima matibabu?

Marahaba, mwanangu. Hakuna atakayekunyima matibabu kwa sababu ya tarehe. Leo hii, kabla ya CT, ambayo ni picha ya vipande vipande vya mwili kwa mionzi ya eksirei, na kabla ya mtu yeyote kutamka tena upasuaji, pima mimba kwa mkojo. Kisha nenda kwa daktari wako, mwombe mzungumze wawili tu, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Nitakwambia kwa nini jambo hili lina uzito kuliko unavyodhani.

Kipimo cha PET hakipigi picha ya saratani yenyewe. Kinapiga picha ya sukari. Sindano uliyochomwa ilikuwa na sukari iliyoungwa na chembe ya florini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila zinapopita dakika 110 hivi. Uliambiwa usile kwa saa kadhaa, ukachomwa, ukalazwa utulie kama saa moja, ukaambiwa ukakojoe, ndipo ukaingizwa kwenye mashine. Muda ule wote sukari ilikuwa ikienda kwenye sehemu za mwili zinazofanya kazi nyingi. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, kwa hiyo zinang'aa. Lakini ubongo nao unang'aa. Moyo mara nyingi unang'aa. Kibofu kinang'aa kwa kuwa sukari hiyo hutoka na mkojo. Titi la anayenyonyesha linang'aa sana. Ukiona moshi juu ya paa la jirani unajua jikoni kuna moto. Hujui kinachopikwa mpaka uulize. Na PET ni hivyo hivyo, lazima mtu aulizwe.

Kwa mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa, kizazi na vifuko vya mayai vina kalenda yao. Kizazi hung'aa siku za mwanzo za hedhi, kikatulia, kikang'aa tena katikati ya mzunguko yai linapopevuka. Kifuko cha mayai hung'aa karibu na siku za yai kutoka na siku kadhaa baadaye, kwa sababu pale yai lilipotokea hubaki kijifuko chenye damu nyingi, kinachotengeneza homoni ya kushikilia mimba endapo itatunga. Kijifuko hicho hakina ugonjwa wowote. Hata hivyo kinaweza kung'aa kama tezi lenye saratani, na kwa kuwa kimekaa karibu na ukuta wa nyonga, asiye na tarehe mkononi anaweza kukiandika kuwa tezi. Kwa bibi wa miaka 65 aliyekoma hedhi, mng'ao kama huo unatutia wasiwasi mara moja. Kwako wewe wa miaka 31, swali la kwanza ni siku.

Sasa angalia jibu lako lilivyofanya kazi. Mwanamke aliyemaliza hedhi juzi, vifuko vyake vinatarajiwa kuwa kimya na kizazi chake kimetulia. Aliyekusomea akaona mng'ao kushoto, akaona mwingine katikati ya kizazi, akarudi kwenye fomu kutafuta sababu, akakuta umemaliza siku juzi. Kwa tarehe hiyo hakuna sababu ya kawaida ya mng'ao ule, na mgonjwa ametibiwa limfoma. Ningekuwa mimi ningeandika maneno yale yale. Kila kilichoonekana kimeandikwa sawasawa, ila kimeandikwa kwa mwanamke mwenye mzunguko usio wako.

Ukiweka ukweli mezani, picha ile ile inabadilika maana. Kemo huvilaza vifuko vya mayai. Kwa wengine moja kwa moja, lakini kwa wengi wa umri wako ni kwa miezi tu. Vinapoamka, yai hutoka kwanza, hedhi ikafuata wiki mbili baadaye. Maana yake unaweza kushika mimba bila kuona hedhi hata moja tangu kemo iishe. Nalisisitiza hili kwa sababu wanawake wengi wanaomaliza kemo wanaambiana kwamba asiyeona siku zake hashiki mimba, na madaktari tunawaacha waondoke bila kuwaeleza. Kwa hiyo mng'ao wa kushoto huenda ni yai lililotoka, na ule wa kizazini huenda ni kizazi kinachoamka. Au huenda ni mimba changa: kijifuko upande mmoja kinaishikilia, na kizazini inajijenga yenyewe pamoja na kondo lake, vyote vinakula sukari. Mimba ya wiki tano au sita kwenye PET inaweza kuonekana kama duara dogo linalong'aa kizazini, na asiyeambiwa akaliita uvimbe.

Siwezi kukwambia kwa barua ni lipi kati ya hayo. Limfoma pia inaweza kuingia kwenye kifuko cha mayai, ingawa si mara nyingi, kwa hiyo mng'ao huo lazima ufuatiliwe mpaka ujulikane. Ila ufuatiliwe kwa mpangilio. Mkojo ukisema hakuna mimba, usiishie hapo. Mimba ya siku chache mkojo unaweza kuikosa, kwa hiyo omba kipimo cha damu cha homoni ya mimba. Halafu ultrasaundi, ikiwezekana ile ya kupitia ukeni, ambayo haina mionzi kabisa na huona kizazi na vifuko kwa karibu. Nenda na CD ya picha zako za PET, usiende na karatasi peke yake. Na mwombe daktari wako awapelekee waliosoma PET historia iliyosahihishwa, waandike nyongeza ya ripoti. Ni jambo la kawaida, tunafanya. Kama huna mimba na ultrasaundi inaonyesha kijifuko cha kawaida, rudia ultrasaundi baada ya wiki sita hadi nane. Kijifuko cha yai huondoka chenyewe. Saratani haiondoki yenyewe. Usikubali kupasuliwa kwa sababu ya mng'ao peke yake, bila kipimo cha mimba na bila ultrasaundi.

Na kama una mimba? Hapo namjibu shangazi yako, kwa heshima, maana najua amesema kwa kukupenda. Mtoto hajaungua. Mionzi anayopata mtoto tumboni tunaipima kwa miligrei. Mimba yoyote, hata ya mama ambaye hajawahi kukanyaga hospitali, hupata kati ya nusu miligrei na moja kwa miezi tisa, kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. PET iliyounganishwa na CT ya mwili mzima humpa mtoto kati ya 10 na 50. Madhara ya ulemavu tunaanza kuyahofia dozi inapopita 100. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi iliandika wazi mwaka 2000 kwamba mimba iliyopata chini ya miligrei 100 haina sababu ya kutolewa kwa ajili ya mionzi. Hatari ndogo inayobaki ni ya saratani ya utotoni, na siifichi: katika watoto 1,000 ambao hawakupata mionzi ya ziada, takriban 997 hawataipata, kwa waliopata 50, ni takriban 994. Wewe ni mama, pima mwenyewe tofauti hiyo, ila usiipime ukiwa umetishwa.

Ndiyo maana pia sitaki CT ya tumbo ifanyike kabla ya kipimo cha mimba. CT ya tumbo na nyonga inaweza kuongeza makumi kadhaa ya miligrei juu ya zile ulizokwishapata, na kama unachotafuta ni mimba, ultrasaundi inatosha. Kama unayo na bado tunahitaji kuona zaidi, kuna MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, haina mionzi, ila bila ile dawa ya gadolini ya kung'arisha picha. Na ikiwa, Mungu apishe mbali, limfoma imerudi huku una mimba, matibabu yapo. Dawa nyingi za kemo huepukwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye baadhi hutolewa na watoto huzaliwa. Hilo litajadiliwa na wanaokutibu.

Kuna jambo moja kwenye barua yako naona limepita bila mtu kulishangilia. Matezi ya shingoni na kifuani yamepoa. Pale ndipo ugonjwa wako ulipokuwa. Waambie nyumbani hilo kabla ya habari za mnada.

Safari ijayo ya PET, ukishaona siku zako, omba upangiwe siku chache baada ya hedhi kuisha. Wakati huo kizazi na vifuko vimetulia, na uwezekano wa mimba ni mdogo. Kama hedhi bado haijarudi, pimwa damu ya mimba asubuhi ile ile kabla ya sindano. Na mama mkwe abaki nje. Mwombe mtaalamu anayekuita ndani amwambie mama mkwe hilo, isiwe wewe.

*

Shikamoo daktari. Natokea Nachingwea. Mke wangu ana miaka 24. Mimba yetu iliharibika mwezi wa tano mwaka huu, akasafishwa. Tangu hapo damu inatoka na kukata. Kila tukipima mkojo inakuja mistari miwili, tukadhani amepata nyingine. Sasa mwezi wa tisa anakohoa, na wiki hii makohozi yana damu. Ultrasaundi ilisema kizazi hakina mtoto. Tulikwenda sehemu nyingine apigwe eksirei ya kifua wakakataa, wakasema kipimo kinaonyesha mimba na mjamzito hapigwi picha, anywe dawa za kikohozi kwanza. Ana mimba au hana?

Ndugu huyu tulimpigia simu siku barua ilipofika, na mkewe ameshaonwa na madaktari. Najibu hapa kwa ajili ya wengine walio kwenye hali kama yake.

Mistari miwili haisemi kuna mtoto. Inasema kuna homoni. Homoni ile hutengenezwa na chembe za kondo, na chembe za kondo zinaweza kubaki, zikaota mahali pasipo pake, au zikageuka ugonjwa. Mimba ikiharibika, homoni huchukua wiki kadhaa kuisha damuni. Kutoka mwezi wa tano hadi wa tisa ni muda mrefu mno. Kipimo kikisema mimba, damu inatoka, na kizazi ni kitupu, mawazo yetu yanakwenda haraka kwenye mambo mawili. La kwanza ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, inayoweza kupasuka na kuua kwa siku moja. La pili ni ugonjwa wa kondo: mimba zabibu, yaani kondo lililoota vibaya kama kishada cha zabibu, iliyoacha mabaki, au saratani ya kondo iitwayo koriokasinoma, ambayo inaweza kufuata mimba zabibu, mimba iliyoharibika, au hata mtoto aliyezaliwa salama.

Koriokasinoma husafiri kwa damu, na mara nyingi kituo chake cha kwanza ni mapafu. Kwenye eksirei tunaona madoa ya duara, mapafu yote mawili, makubwa na madogo. Mgonjwa anakohoa damu, na kwa kuwa tunaishi na kifua kikuu kila siku, anaanzishiwa dawa za TB. Makohozi yapimwe TB, naam, kipimo hicho kisiachwe. Lakini mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye madoa ya duara mapafuni apimwe pia homoni ya mimba kwa damu, ile ambayo maabara huandika beta HCG, na aulizwe mimba yake ya mwisho iliishaje. Namba ikija makumi ya maelfu huku kizazi ni kitupu, hatuhitaji hata kuchoma sindano kwenye madoa yale kutoa kinyama. Tena tusichome bila sababu, maana yana damu nyingi na yakichomwa huvuja vibaya.

Hapa narudi kwenye kile kilichoniudhi katika barua hii, na nakisema bila kumtaja mtu. Kumnyima mwanamke anayekohoa damu eksirei ya kifua kwa sababu ya mistari miwili hakuna msingi. Hata kama angekuwa na mtoto tumboni, eksirei ya kifua humpa mtoto chini ya sehemu moja ya mia ya miligrei moja. Ni kidogo kuliko anachopata kutoka ardhini kwa mwezi mmoja. Mionzi inaelekezwa kifuani, tumbo liko nje ya njia yake. Bango lililobandikwa mlangoni linamtaka mwanamke aseme kama ana mimba, halisemi afukuzwe. Akishasema, kazi yetu ni kufikiri: picha hii inahitajika leo? Kuna nyingine isiyo na mionzi itakayojibu swali lile lile? Kama haipo, inapigwa, kwa uangalifu.

Na sasa habari njema, nayo ni kubwa. Saratani hii ni kati ya zile zinazosikia dawa kuliko zote. Hata ikiwa imefika mapafuni, wengi mno hupona, kwa wengine kwa dawa moja tu, methotrekseti, wengine kwa dawa kadhaa pamoja, na kizazi kinabaki. Wengi huzaa baadaye. Wakati wa matibabu homoni hupimwa mara kwa mara mpaka ishuke, na baada ya hapo mke na mume wanaombwa wasitafute mimba kwa takriban mwaka mzima. Sababu ni hiyo hiyo ya mwanzo: mimba mpya itapandisha homoni, na hatutajua kama ni mtoto au ugonjwa umerudi. Waume wanaosoma hapa, mwaka huo ni wenu pia. Chagueni njia ya uzazi wa mpango pamoja kabla hamjatoka wodini.

Aliyesafishwa mimba akaona damu haikomi baada ya wiki kadhaa, au mistari miwili haiondoki, asikae nyumbani kusubiri msimu uishe. Aende hospitali: Sokoine kwa walio karibu na Lindi mjini, Nyangao au Ndanda kwa walio katikati, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kwa walio karibu na Mtwara. Aseme maneno haya: mimba iliharibika tarehe fulani, damu haijakoma, kipimo bado kinaonyesha mimba.

*

Daktari, nanyonyesha mtoto wa miezi saba, nipo Mikindani. Nina uvimbe titi la kulia tangu mimba ilipokuwa kubwa, hauumi. Niliambiwa ni maziwa yameganda, na picha ya titi haisomeki mpaka nimwachishe. Nisubiri?

Usisubiri, dada yangu. Ni kweli titi la mjamzito na la anayenyonyesha ni zito, na kwenye mamografia, eksirei ya titi, linatoka jeupe kiasi kwamba uvimbe unaweza kujificha. Ndiyo maana tunaanza na ultrasaundi, ambayo inauona vizuri na kusema kama ndani ni maji, maziwa au nyama. Ikiwa ni nyama, sindano ya kutoa kinyama inafanyika ukiwa unanyonyesha, hata ukiwa na mimba. Uvimbe mwingi wa wakati huu si saratani. Lakini wowote unaopita wiki mbili bila kuondoka unastahili ultrasaundi, na wako umepita miezi. Nenda wiki hii na mtoto wako mgongoni, mnyonyeshe kwanza ndipo uingie; titi likiwa tupu tunaona vizuri zaidi.

*

Shikamoo daktari. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, wilaya ya Masasi, nina mwaka wa pili kazini. Swali la mimba linanipa shida kuliko mashine. Binti anakuja na baba yake, mke anakuja na mawifi. Nikiuliza, jibu ni 'hapana' hata sijamaliza sentensi. Wengine wametumia sindano ya uzazi wa mpango hawajui siku zao kabisa. Niulizeje, na niandike nini ili wewe unayesoma ikusaidie?

Marahaba, mwanangu, na nimefurahi umeuliza, maana msomaji wa kwanza wa picha ni wewe uliyesimama naye.

Chumba kwanza. Usiulize kwenye benchi. Mwite ndani peke yake kama vile unamwandaa kwa picha, mlango ufungwe, waliomleta wabaki nje wote, baba kwa mume. Usitoe maelezo marefu. Sema ndivyo chumba chetu kinavyofanya kazi kwa kila mtu, na iwe kweli kwa kila mtu, mke wa mkubwa na muuza samaki. Ukiwatoa watu kwa mgonjwa mmoja tu, umeshamtangaza.

Kisha usiulize kama ana mimba. Binti asiyeolewa akiulizwa hivyo anasikia anatuhumiwa. Uliza siku zake za mwisho zilianza lini, zilikuja kama kawaida yake au zilikuwa pungufu, na kama kuna uwezekano wowote hata mdogo. Asiyekumbuka tarehe umsaidie kwa mambo anayoyakumbuka. Kwa Waislamu, miezi inayofuata Ramadhani ni rahisi, kwa sababu mwanamke anajua sawasawa siku alizokula na anazodaiwa. Anzia pale mhesabu pamoja. Wengine wanakumbuka kwa mnada, kwa arobaini ya marehemu, kwa siku ya kliniki ya mtoto. Subiri. Ukimya wa nusu dakika umenisaidia mara nyingi kuliko swali jingine.

Akiwa kwenye sindano, kijiti, au ametoka kwenye kemo, tarehe haitakusaidia, kwa hiyo mwombe apime mkojo, akubali mwenyewe, na jibu apewe yeye peke yake. Hata baba akiwa ndiye aliyelipa. Ukipata mistari miwili na picha ni ya tumbo au nyonga, usimrudishe nyumbani na usipige. Mpigie simu daktari aliyeiomba, pengine ultrasaundi itamjibu anachotaka. Ikiwa ni kichwa, kifua, mkono au titi, mtoto hapati karibu chochote, endelea.

Kwenye fomu usiniandikie 'hana mimba'. Hilo si jambo unalolijua. Andika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na namna ulivyoipata: amesema mwenyewe akiwa peke yake, au amesema mbele ya watu. Maneno hayo mawili matatu ya mwisho kwangu ni dhahabu. Andika kama ananyonyesha. Andika njia ya uzazi wa mpango, na kitanzi usikisahau, maana nacho kinaweza kung'aa kwenye PET. Andika dawa za homoni, kemo iliisha lini, mimba ya mwisho iliishaje. Kipimo cha mimba kikiwa kimefanyika, andika ni cha mkojo au cha damu na tarehe yake. Nikipata hayo najua kama kijifuko cha sentimita tatu upande wa kulia nikiache kirudiwe baada ya wiki sita, au nimpigie daktari wa wodi saa hiyo hiyo.

Na fomu zenu nyingi hazina nafasi ya kuandika yote hayo. Andika nyuma ya karatasi, weka mshale mbele ili nigeuze, na ongeza namba ya simu ya chumba chenu. Nikiona kisichoeleweka nitapiga kabla sijaandika ripoti.